Kiatu cha Mheshimiwa Halkett

Ufunguo uligeuka. Mlango wa Bunge ukafungwa, na Mungo Halkett akabaki upande usio wake, mguuni ana kiatu kimoja tu.

Kwa aliyekosa gazeti la wiki jana, nitasema kwa kifupi. Mungo ni mbunge wa Kirkdour, mji wa wafumaji wa kitani kule Uskoti. Baba yake alikuwa mfumaji, na babu yake vilevile. Mji mzima unaishi kwa sheria moja: Serikali ya Mfalme George hulipa ruzuku kwa kila gora la kitani linalouzwa katika makoloni yake ya Jamaika na Carolina. Sheria hiyo ilitungwa na siku yake ya kufa. Kikao hiki cha Bunge kikifungwa, nayo imekwisha.

Sheria nyingine za biashara ya makoloni zilizokaribia kufa zilikusanywa katika muswada mmoja ili zihuishwe kwa mkupuo. Ya kitani iliachwa nje. Ndipo marafiki wa kitani walipoleta kifungu cha kuiongeza, na mchana huu kifungu kinapigiwa kura.

Na pale Westminster kura haipigwi kwa karatasi. Kwanza wabunge hupaza sauti, Ndiyo au Siyo. Spika asiporidhika, upande mmoja hutoka nje na mwingine hubaki umekaa. Anayetaka kitu kipya kiongezwe ndiye anayetoka. Anayebaki amekataa, hata kama amesinzia.

Mungo alipaswa kutoka. Lakini viatu vyake vipya vya London, vyenye mabizimu ya fedha, vilikuwa vimembana tangu asubuhi, akavivua kwa siri chini ya benchi. Alipopapasa avivae, alipata kimoja. Cha pili hakipo! Na soksi ya mguu ule ilikuwa na tundu, kidole gumba kimechungulia chote.

Mbunge wa mji wa nguo atembee mbele ya mabwana wale na soksi iliyotoboka? Wale waliokuwa wakimwita "Mfumaji" kila alipowapa kisogo? Alingoja kidogo. Akangoja tena kidogo. Mlango ukafungwa.

"Karibu upande wetu, Mheshimiwa," jirani yake alinong'ona.

Jirani huyo alikuwa Josiah Pell, tajiri anayeleta kitani cha kigeni kutoka Hamburg. Kwa miaka mingi hakutaka kitu kama alivyotaka kuiona sheria ile kaburini.

"Siko upande wenu, bwana Pell. Natafuta kiatu."

"Kiatu?" Pell alifunika kicheko kwa leso. "Nimeona watu wakiuza kura kwa shamba. Nimeona wakiuza kwa chakula cha jioni. Lakini kwa kidole gumba! Wewe ni wa kwanza."

"Nisaidie kutazama hapo miguuni pako, tafadhali."

"Mgongo, bwana. Daktari amenikataza kuinama."

Wahesabu kura walikuwa wanakuja, wakipita benchi kwa benchi na fimbo zao nyeupe. Mmoja wao alikuwa Ninian Cargill, mbunge wa wilaya ya jirani na rafiki wa Mungo tangu wakiwa watoto wa kuiba tufaha. Fimbo yake ilisimama hewani.

"Mungo? Unafanya nini humu, ndugu yangu?"

Mungo aliendelea kupapasa chini ya benchi.

"Simama," Cargill alisema kwa sauti ya chini. "Sema umekosea. Neno moja tu, nami nitamwita Spika."

Vichwa viligeuka. Kijana mmoja, mwana wa bwana mkubwa, aliinua kioo chake cha jicho ili aone vizuri. Mungo aliuvuta mguu wake akauficha nyuma ya ule mwingine. Lile neno moja lilimfika kwenye meno, likarudi.

"Nimechoka, Ninian. Hesabu tu."

Cargill alimtazama kama mtu anayemtazama mgeni aliyevaa koti la rafiki yake. Kisha fimbo ikashuka, ikamgusa bega.

Matokeo yalisomwa. Waliosema Siyo walishinda. Kwa kura moja!

Kama angetoka, kitani kingeishi. Hesabu hiyo haikuhitaji kalamu.

Sasa atatokaje mle ndani? Aibu ina akili za haraka. Mungo alifungua kitambaa chake cha shingoni, akakizungushia mguuni mpaka ukavimba kama mtungi, akaegemea fimbo yake ya kutembelea na kuanza kuchechemea.

"Jongo, limenivimbisha mguu," alimwambia bawabu.

"Pole sana, Mheshimiwa. Baba yangu alikuwa nalo."

Katika ukumbi mkubwa wa nje, kati ya wauza vitabu na mawakili, wajumbe wa Kirkdour walikuwa wakingoja. Walikuja London kwa meli ya makaa ya mawe, wengine wakitapika njia nzima, ili wayaone macho ya watu wanaoamua maisha yao. Kiongozi wao alikuwa Tam Gow, mkuu wa chama cha wafumaji, mtu mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Pembeni yake alisimama Elspeth Rattray, msokotaji nyuzi, mjane, mama mkwe wa Mungo.

Habari za kura moja zilikuwa zimeshawafikia.

"Mtazameni!" Tam alinguruma. "Mguu umefungwa kama kichanga, na bado ametoka nje kutupigia kura! Huyu ndiye mtoto wa Kirkdour! Mpeni nafasi, mpeni nafasi!"

Walimzunguka. Mwanamke mmoja alimbusu mkono. Mzee mmoja alimtilia kichupa cha pombe kali mdomoni kabla hajasema hataki.

"Nilifanya wajibu wangu tu," Mungo alisema.

Naam, msomaji, alisema hivyo. Sitakuficha.

"Basi ni nani?" Tam aliuliza, uso umemwiva. "Kura moja! Kuna mtu wetu amebaki ndani. Nani?"

"Labda ni yule mzee kiziwi," mmoja alisema.

"Kiziwi nimemwona akitoka kwa macho yangu. Nitawaambia mimi. Juzi nimemwona Ninian Cargill akinywa chai na Mjerumani wa Hamburg. Chai! Na keki!"

Wakati huohuo Cargill akatokea mlangoni, fimbo nyeupe bado mkononi.

"Huyo hapo!" Tam aliivua kofia yake ya sufu na kumtupia usoni. "Chukua na hiyo ukauze! Umeuza mitambo yetu, kauze na kofia zetu!"

"Msaliti!" mtu alipiga kelele. Mate yakaruka, yakatua kwenye koti la Cargill.

Cargill hakujitetea. Alimtazama Mungo. Akangoja. Pale palikuwa na nafasi ya kupitisha maneno mawili, "Ni mimi," na pakabaki patupu. Mungo alikuwa akichunguza kichwa cha fimbo yake kana kwamba ndiyo kwanza anakiona.

"Nitakuwa kwenye mkahawa wa kona," Cargill alisema mwishowe, akifuta koti. "Anayenitaka atanikuta." Akaondoka, na nusu ya wafumaji wakamfuata wakimzomea, Tam akiwa mbele yao.

Elspeth hakwenda. Alikuwa ameshatoa kopo la mafuta ya bata bukini kwenye kikapu chake.

"Keti hapo."

"Mama, si hapa mbele za watu..."

"Watu gani? Wauza vitabu? Keti, mwanangu. Marehemu mume wangu jongo lilimkalia miaka kumi na mbili. Hakuna mguu wa jongo nisioujua."

"Umeshapoa, mama. Kweli umepoa."

"Jongo halipoi kwa dakika. Lete."

Alikuwa na mikono ya mtu aliyesokota nyuzi maisha yake yote. Kitambaa kilifunguka mzunguko kwa mzunguko. Mungo alifumba macho.

"Mguu wa jongo huwa mwekundu kama kamba aliyechemshwa," Elspeth alisema polepole. "Huu ni mweupe. Huu ni wa kucheza ngoma harusini." Akakibonyeza kidole gumba kwa nguvu. "Inauma?"

"Ai! Inauma!"

"Umechelewa kulia."

Alikaa juu ya visigino vyake. Akaigusa ile soksi, akaingiza kidole chake tunduni.

"Soksi hizi nimezifuma mimi. Siku uliyochaguliwa. Kiatu kiko wapi?"

"Kimepotea."

"Kimepotea wapi?"

Mungo aliutazama mlango wa Bunge.

"Nimekuuliza, mkwe wangu. Ulipotoka nje na wenzako kupiga kura ulikuwa umevaa viatu viwili au kimoja?"

Njia nzima, kwenye meli ya makaa, watu wa Kirkdour hawakuzungumza lingine: nje ni uzima, ndani ni kifo. Elspeth hakuhitaji wakili wa kumfafanulia.

"Ulikuwa ndani," alisema.

"Nilikuwa ndani."

Angempiga kofi, Mungo angeshukuru. Hakumpiga. Alitoa sindano kwenye kola ya gauni lake, akatunga uzi, akaanza kuishona ile soksi ikiwa mguuni.

"Sikutaka wacheke, mama."

"Nani?"

"Wale."

"Wangecheka kwa muda gani?"

Sindano iliingia na kutoka.

"Kitani chetu si kitu cha kujivunia," Elspeth alisema. "Kinakwaruza. Mimi nisingekilalia. Wanavalishwa watumwa wa Jamaika, watu ambao hawakuulizwa kama wanakitaka, na sisi tunapokea ruzuku na kwenda kanisani. Nimelifikiria hilo mara nyingi nikiwa kwenye gurudumu langu la kusokotea, na sijapata pa kulificha. Lakini ndiyo kazi iliyobaki Kirkdour. Binti yako naye yuko kwenye gurudumu sasa. Ulijua? Mtoto mwenyewe, Grizel, hakutaka nikwambie. Mbunge mzima, na mtoto wake anasokota kwa malipo ili baba anunue viatu vya London."

Hapo Mungo alilia kweli, na hakuna aliyemwambia amechelewa.

Elspeth alikata uzi kwa meno. "Inuka. Twende kwa yule uliyemwacha atemewe mate."

Mkahawani Cargill alikuwa peke yake na kikombe kilichopoa. Mungo alisimama mbele yake, mguu mmoja na kiatu, mmoja na soksi iliyoshonwa.

"Ninian, mimi..."

"Kaa. Hotuba yako nitaisikiliza siku nyingine." Cargill aliondoa kofia ya Tam kwenye kiti, alikuwa ameiokota. "Nimekaa hapa nikikutukana kimoyomoyo, kisha nikakumbuka jambo. Kuna kanuni ya zamani. Kura ya mtu ni sauti yake. Aliyepaza sauti Ndiyo kisha asitoke, Spika anaweza kumhesabu pamoja na waliotoka. Kesho muswada unasomwa mara ya mwisho. Kabla ya hapo, unaweza kusimama."

"Na kusema nini?"

"Kila kitu. Bunge zima litataka kujua kwa nini hukutoka. Kiatu. Soksi. Kidole. Ikifika keshokutwa, watakuchora na kukubandika kwenye kila dirisha la duka la picha mjini hapa."

Mungo alimtazama Elspeth. "Nitasimama," alisema.

"Vizuri. Kuna swali moja tu Spika atakalokuuliza, na bila hilo mengine yote ni hadithi." Cargill aliinama mezani. "Sauti zilipopazwa, ulisema Ndiyo?"

Elspeth aliinua uso. Kwa mara ya kwanza tangu mchana ule kulikuwa na kitu kama tumaini machoni mwake, na kilikuwa kinamwangalia Mungo.

"Nilisema," Mungo alijibu.

Msomaji, hakusema. Sauti zilipopazwa, kichwa chake kilikuwa chini ya benchi, mikono yake inapapasa vumbi. Hakusema Ndiyo, hakusema Siyo. Hakusema kitu.

Kesho yake Bunge lilijaa. Habari zilikuwa zimevuja kwamba Mskoti mmoja atachekesha watu, na wabunge ambao kwa kawaida huamka saa za chakula cha mchana walifika mapema. Juu, roshani ya wageni, Elspeth alikaa mstari wa mbele. Tam Gow alikuwa kando yake, ameshaelezwa yote, amemwomba Cargill radhi, amerudishiwa kofia.

Mungo alisimama akiwa amevaa viatu vya kuazima.

Alisema yote. Alisema viatu vilimbana. Alisema kuhusu tundu. Kicheko kilianzia benchi za nyuma, kikaja mbele, kikaangusha wigi moja. "Kidole kipi, Mheshimiwa?" mtu alipiga kelele. "Cha kulia," Mungo alijibu, na ukumbi ukalipuka upya. Akasema pia kwamba rafiki yake alimsihi aseme amekosea naye akakataa, na kwamba rafiki huyo alitemewa mate kwa ajili yake, naye akanyamaza.

Hapo kicheko kilipungua. Kikaisha.

Mama mkwe wake alikuwa amemuuliza wangecheka kwa muda gani. Sasa Mungo alijua. Kwa muda mfupi sana. Kwa kuogopa kicheko kifupi kiasi kile, alikuwa amekubali kuuacha mji mzima ufe.

Spika aliinama mbele. "Mheshimiwa Halkett, Bunge limekusikia. Swali langu ni moja. Sauti zilipopazwa, ulisema Ndiyo?"

Mdomo wake ulikuwa umeonja ukweli kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, na haukutaka kuuacha. Lakini ukweli ungeiua Kirkdour mara ya pili, kwa mkono uleule. Uongo ungeiokoa. Juu roshanini Tam alikuwa ameishika kofia yake kifuani kwa mikono miwili. Elspeth hakusogea.

Mungo alivuta pumzi...

"Alisema!"

Sauti ilitoka ubavuni mwake. Josiah Pell alikuwa amesimama, mgongo wake ule wa daktari umenyooka kama mlingoti.

"Alisema Ndiyo, Mheshimiwa Spika. Nilikuwa nimekaa karibu naye. Nusura anipasue sikio."

Mnong'ono ulizagaa benchi zote. Pell! Adui wa kitani! Mtu huyu akitoa ushahidi kwa faida ya Kirkdour, nani atamshuku?

"Shahidi kama huyo anatosha," Spika alisema. "Kura ya Mheshimiwa ihamishwe. Kifungu cha kitani kimepita."

Roshani ililipuka. Kofia za sufu zikaruka hewani, na Tam Gow akapiga mbinja ya kuita ng'ombe ndani ya Bunge la Mfalme.

Mungo aliketi.

"Kwa nini?" alinong'ona.

Pell alifungua upande mmoja wa koti lake. Ndani, kwenye mfuko mkubwa, bizimu la fedha liling'aa. Kiatu cha kulia.

"Kilikuwa chini ya kisigino changu muda wote," Pell alisema huku akiwapungia watu mkono na kutabasamu. "Nilitaka tu uchelewe. Sikujua ungenipa zaidi. Kitani chenu ni kitu kidogo, Mfumaji. Wiki ijayo linakuja jambo langu kubwa, na siku hiyo utatoka au utabaki nitakavyokuambia. Kwa sababu sheria yenu iko hai kwa uongo wangu na kimya chako. Nikifungua mdomo, inakufa, na safari hii hutakuwa na kiatu cha kusingizia." Akakisukumia kile kiatu mapajani mwake. "Vaa. Unapendeza ukiwa na viwili."

Mungo aliinua macho.

Roshani nzima ilikuwa imesimama ikishangilia. Mtu mmoja tu alikuwa bado ameketi. Elspeth Rattray hakuwa anamtazama Pell, wala Spika. Alikuwa akiutazama mdomo wa mkwe wake, mdomo ambao haukufunguka Spika alipouliza.

Kisha akakiona kiatu.

Akainuka polepole, akashika ukingo wa roshani, na midomo yake, bila sauti, ikamuuliza swali lilelile la Spika.